Muulize Anko wa Magemu: "Jamani Inatoka Lini?"

Mwezi huu barua ni nyingi ila swali ni moja tu, mnalibadilisha maneno. Inatoka lini, mbona wamekausha, ni kweli imesogezwa tena, huyu jamaa wa YouTube anasema ukweli au anatupiga kamba. Nimechagua zile zinazojibika. Na nyie mnaoandika kwa herufi kubwa tupu nawapenda sana, lakini hata mpige kelele vipi mi sina tarehe mfukoni.

SWALI: Anko shikamoo. Mi naingoja gemu ya GTA VI (Grand Theft Auto ya sita) tangu niko shule ya msingi, saizi nina ndevu. Kuna kaka mmoja kila siku anatoa video anasema Rockstar, wanaoitengeneza, wanaficha ishara, mara mwezi kwenye picha uko nusu, mara namba ya gari ukiijumlisha unapata tarehe, na mi nilikuwa naamini kabisa mpaka imefika hatua hata usingizi sipati. Hizi ishara zina ukweli au tunachezewa akili?
— Mhesabu Mwezi

ANKO: Marahaba mdogo wangu, na pole kwa usingizi. Ile ya mwezi naikumbuka. Mwaka 2024 watu walichukua picha ambazo Rockstar walikuwa wanaposti kutangaza mambo ya GTA Online, ile ya kucheza mtandaoni, wakaangalia mwezi ulivyokaa kwenye kila picha, wakazipanga, wakapiga hesabu za hatari, jibu likaangukia mwezi wa Novemba kwamba ndo trela ya pili inatoka. Novemba ikafika, ikapita, kimya. Trela ya pili ilikuja tarehe 6 Mei 2025 bila hodi, siku nne tu baada ya kampuni kutangaza kwamba gemu yenyewe imesogezwa mbele. Sasa niambie huo mwezi ulikuwa wapi.

Mi nikitaka kujua habari najiuliza swali moja tu, nani hapa analazimika kusema ukweli? Yule kaka wa video halazimiki, analipwa ukiangalia, akipatia sawa akikosea sawa, kesho ana video nyingine. Ila kuna watu wanalazimika. Rockstar ni mali ya Take-Two, na Take-Two hisa zake ziko sokoni Marekani, kwahiyo kila baada ya miezi mitatu lazima waweke hesabu zao hadharani na waseme mbele huko wanategemea kuingiza hela kiasi gani. Mwaka wao wa hesabu unaisha 31 Machi. Gemu kubwa kiasi hiki ikitoka kwenye kipindi kimoja ikaingia kingine namba zote zinageuka, hapo hawawezi kula buyu, wenye hisa watawashtaki.

Angalia mambo yalivyoenda. Trela ya kwanza Desemba 2023 ilisema 2025, basi. Mei 2024, kwenye hesabu, wakabana zaidi wakasema ni kipindi cha Septemba mpaka Novemba mwaka huo wa 2025. Tarehe 2 Mei 2025, wiki mbili kabla ya hesabu nyingine, wakasogeza mpaka 26 Mei 2026. Halafu 6 Novemba 2025, siku ile ile ya hesabu, wakasogeza tena mpaka 19 Novemba 2026. Unaona hiyo? Habari zote nzito zinazunguka kalenda ya wahasibu. Kwahiyo kama lazima uwe na roho juu, basi iwe juu mara nne kwa mwaka, Februari, Mei, Agosti na Novemba, siku zilizobaki lala.

Lakini na hapo uwe makini na maneno matupu. Bosi wa Take-Two, Strauss Zelnick, Agosti 2025 aliulizwa kuhusu ile tarehe ya Mei 2026 akajibu kwamba uhakika wake ni mkubwa sana. Miezi mitatu baadaye ikasogezwa. Sisemi alidanganya, bosi wa kampuni akiulizwa mbele za watu hawezi kusema "mmh sijui", hisa zitaanguka kabla hajamaliza sentensi. Nasema tu kwamba uhakika wa bosi siyo tarehe.

Ishara za kweli zipo ila zinaboa, ndo maana hakuna anayezitengenezea video. Kuna vyombo vinavyopanga umri wa gemu, Marekani wana ESRB, Ulaya wana PEGI, Australia na Korea Kusini nao wana vyao, na gemu haiwekwi kwenye maduka makubwa bila kupita huko. Kampuni haipeleki kitu kupimwa umri kikiwa nusu, kwahiyo ukiona jina la gemu limetokea kwenye orodha zao ujue mambo yameiva. Mara nyingine hata kampuni yenyewe inakuwa haijatangaza, jina linachomoza huko kwanza watu wanaanza kukimbizana. Hiyo ndo ya kufuatilia, mwezi waachie wavuvi.

SWALI: Anko, swali fupi. Itasogezwa mara ya tatu?
— Roho Mkononi

ANKO: Historia yao ni hii. GTA V, ile ya tano, ilitakiwa itoke majira ya kuchipua ya 2013, yani Machi mpaka Mei hivi, wakasogeza mara moja, ikatoka 17 Septemba 2013. Red Dead Redemption 2, gemu yao nyingine, ilitangazwa iwe 2017, wakasogeza mpaka majira ya kuchipua ya 2018, wakasogeza tena mpaka 26 Oktoba 2018, na siku hiyo ikatoka kweli. Kwahiyo kusogeza mara mbili kwao ni kawaida, na tarehe ya tatu ile mara ya mwisho waliishika. Zaidi ya hapo ni ramli na mi sipigi ramli.

SWALI: Habari Anko. Kuna gemu moja ya watu wachache tu, studio ndogo, niliilipia mchango mtandaoni wakati wanaanza. Wamekaa kimya mwaka mzima. Hakuna picha, hakuna apdeti, hata "tupo" hawasemi. Wenzangu wanasema imekufa. Mi inaniuma kwasababu nilishaipenda. Kimya cha hivi maana yake nini?
— Dada Mvumilivu (nimeanza kuchoka)

ANKO: Dada, wewe nakuelewa kuliko wote walioandika mwezi huu, maana wewe unangoja kitu ambacho dunia nzima haikijui, huna hata wa kulia naye.

Nikupe mfano mkubwa kabisa wa kimya. Hollow Knight ilitoka 2017, ilitengenezwa na Team Cherry, studio ya watu wachache sana mjini Adelaide huko Australia, nao pia walianza na michango ya watu mtandaoni mwaka 2014. Kwenye zile ahadi za michango kulikuwa na mhusika mwingine wa kuchezwa, wakaanza kumtengeneza kama nyongeza tu ya gemu ya kwanza, ikakua, ikakua, Februari 2019 wakatangaza kwamba sasa ni gemu nzima, Silksong. Watu wakafurahi. Halafu ndo kimya kikaanza. Juni 2022 ikaonyeshwa kwenye onyesho la Xbox na pale ikasemwa kila gemu iliyoonyeshwa itachezeka ndani ya miezi 12, mashabiki wakaruka ruka, Mei 2023 ikatoka taarifa fupi kwamba bado, tunahitaji muda zaidi. Kimya tena. Ikawa kila kampuni ikifanya onyesho la gemu, hata lisilowahusu kabisa, watu wanajaza jina la Silksong kwenye maoni mpaka wenye onyesho lao hawasikiki. Kuna mtu alifungua chaneli ya kutoa habari za Silksong kila siku na kila siku habari ilikuwa ni kwamba hakuna habari. Na watu walikuwa wanaangalia! Mi nilikuwa mmoja wao, sikatai.

Sasa nadharia zilizokuwepo, usiombe. Wamegombana, wameishiwa hela, wameifuta wakaanza upya, mmoja kaondoka. Agosti 2025 wakatokea tarehe 21 wakasema inatoka 4 Septemba, yani wiki mbili tu, na ikatoka kweli siku hiyo, maduka ya mtandaoni yakalemewa, kwa Steam, lile duka la gemu za PC, watu wakawa wanaona ukurasa wa makosa badala ya gemu, na siku hiyo hiyo watu zaidi ya laki tano walikuwa ndani kwa wakati mmoja kwa Steam peke yake. Walipoulizwa mbona mlikaa kimya hivyo wakajibu kitu rahisi mpaka kinaudhi. Walikuwa wanaifurahia kazi, kila siku wanaongeza kitu, hela ya kula ilikuwepo kwasababu Hollow Knight ilishauza zaidi ya kopi milioni 15, na waliona kutokea kila mara kusema "bado tunatengeneza" kungewaudhi watu zaidi. Hakuna ugomvi wala nini. Miaka yote ile watu walikuwa wanaandika tamthilia kuhusu watu waliokuwa wamekaa wanachora wadudu kwa raha zao.

Kwahiyo kimya peke yake hakina maana yoyote, siyo nzuri siyo mbaya. Ila dada sikudanganyi, studio yako na Team Cherry wana tofauti moja kubwa, ile hela ya kula. Hao wako wana gemu ya kwanza inayowaingizia? Kama hawana na wamekaa mwaka bila neno, basi swali la kuuliza ni wanaishi kwa nini, na hapo jibu linaweza kuwa wameajiriwa sehemu nyingine wanaifanya usiku, inaenda pole pole. Angalia kama ukurasa wao wa duka bado upo na kama akaunti zao bado zinajibu watu hata kwa mambo madogo. Studio iliyokufa kweli huwa haijibu hata mtu anayeuliza kama gemu itakuwa na lugha fulani. Na ule mchango uhesabu umeshatumika, uliwapa hela watu wajaribu jambo, hukununua gemu. Najua haipendezi kuisikia.

SWALI: Anko mambo, mi natumia PC. Niingoje GTA VI au nijipange ninunue konsoli?
— Fundi Kompyuta

ANKO: Poa. Iliyotangazwa ni PlayStation 5 na Xbox Series X na S, PC haijatajwa. Angalia walivyofanya zamani, GTA IV ilitoka Aprili 2008 kwa konsoli na PC ikapata Desemba mwaka huo huo. GTA V Septemba 2013, PC ikangoja mpaka Aprili 2015, tena katikati hapo PC nayo ilisogezwa, ilikuwa Januari ikawa Machi ikawa Aprili. Red Dead Redemption 2 ni Oktoba 2018 na Novemba 2019. Kwahiyo piga hesabu ya kungoja kati ya miezi saba na mwaka na nusu hivi baada ya wenye konsoli, halafu amua roho yako inabeba kiasi gani. Ubaya wake ni kwamba muda wote huo wenzako watakuwa wameshaweka mwisho wa stori kila kona ya mtandao, hapo hata ukifumba macho utasikia.

SWALI: Kaka, mimi ni mzazi, naomba unisaidie bila kunicheka. Mtoto wangu ana miaka 15, anaamka usiku wa manane kuangalia simu kama hiyo gemu ya GTA imetoa habari mpya. Siku walivyosema imeahirishwa alilia kabisa na chakula hakula. Nimkataze simu au nimwache tu itapita?
— Mama wa Kijana

ANKO: Mama sikucheki hata kidogo, kuna watu wazima wenye familia walilia siku hiyo.

Kuhusu usiku, kaa naye umwambie kwa upole kwamba habari ikitoka saa nane za usiku asubuhi ataikuta pale pale, tena ikiwa imeshachambuliwa na imeshawekwa vizuri. Mwambie azime arifa za makundi na za wale watu wa tetesi abaki na ya Rockstar wenyewe tu. Hiyo akaunti inaweza kumaliza wiki na wiki bila kusema lolote kuhusu hii gemu, kwahiyo simu itatulia yenyewe bila wewe kuonekana mbaya. Ukimnyang'anya simu atatafuta ya mwenzake.

Ila mama kuna kitu kingine ambacho yeye hakukuambia nadhani. GTA V ilipewa umri wa 18 na PEGI, na ESRB wa Marekani wakasema 17 kwenda juu. Kuna kuua, kuna madawa, kuna mambo ya chumbani, lugha ndo usiseme. Hii ya sita wameionyesha kidogo na wala sioni dalili kwamba itakuwa ya watoto. Kwahiyo kabla hamjajadili inatoka lini mna mazungumzo mengine nyumbani kwenu kuhusu kama akiipata ataicheza au la, na bora myafanye sasa hivi wakati bado haijatoka kuliko siku yenyewe. Anisamehe huyo kijana, najua ataniandikia mwezi ujao.

SWALI: Half-Life 3?
— (hakusaini)

ANKO: Hapana. Kipande cha mwisho cha ile stori kilitoka Oktoba 2007 kikaishia pabaya, 2020 wakaleta Half-Life: Alyx, ile ya kuvaa miwani ya VR, na nyie mmeendelea kuniandikia. Nawaheshimu.

SWALI: Anko mi sielewi, kwanini watangaze gemu kama haijaanza hata kutengenezwa? The Elder Scrolls VI walionyesha milima na jina 2018, nilikuwa sina mtoto, saizi mtoto anasoma. Si wangenyamaza tu?
— Baba wa Skyrim

ANKO: Baba, ile video ya Juni 2018 haikufika hata dakika moja, milima, muziki, jina, kwaheri. Skyrim, yani Elder Scrolls ya tano, ni ya Novemba 2011 kwahiyo hata siku ile watu walikuwa wameshangoja. Na Bethesda, wenye gemu, walijua kabisa kwamba mbele yake kuna gemu yao nyingine, Starfield, ambayo yenyewe ilitoka Septemba 2023, ndo kundi kubwa la watengenezaji likageukia hii ya Elder Scrolls.

Sababu za kutangaza mapema zipo kadhaa na hakuna hata moja inayokuhusu wewe mchezaji. Studio inatafuta watu wa kuajiri, na fundi mzuri ni rahisi kumvuta ukimwambia anakuja kufanya kazi gani kuliko kumwambia "ni siri, njoo tu". Wenye hisa wanataka kuona kuna kitu njiani. Mara nyingine wanataka tu mashabiki waache kuuliza, ambayo haijawahi kufanya kazi hata mara moja, ukimwambia mtu jina leo kesho anataka tarehe.

Na kutangaza mapema kuna hatari zake. Nintendo Juni 2017 walionyesha jina la Metroid Prime 4, jina tu. Januari 2019 wakatokea wakasema kazi iliyofanyika hairidhishi, tunaanza moja, tunawapa Retro Studios. Mi hiyo niliipenda kwakweli, kampuni kubwa kusimama kusema hii hapana tunarudi mwanzo, wengi wangeitoa hivo hivo na kubadilisha jalada. Ikatoka 4 Desemba 2025. Beyond Good & Evil 2 ndo msiulize, ilichunguliwa mara ya kwanza 2008, ikatangazwa upya 2017, na imeshaipita ile rekodi mbaya ya Duke Nukem Forever, iliyotangazwa 1997 ikatoka 2011 watu wakaicheza wakajuta. Kungoja sana hakumaanishi itakuwa nzuri, naomba hilo mlielewe maana kuna watu wanadhani kila mwaka unaoongezeka unaongeza utamu.

Kuhusu mtoto, akikua mtacheza wote.

SWALI: Sisi tuko kundi la mashabiki kama mia hivi, kila kampuni ikiposti kitu chochote tunaingia tunajaza "TOA TRELA" na wengine wanatukana kidogo. Tunaona inasaidia kwasababu wanatuona. Unatushauri tuongeze presha vipi?
— Jeshi la Trela

ANKO: Mnajaza maoni kwa kijana au binti aliyeajiriwa kuendesha akaunti, ambaye tarehe haijui, na akiijua amesaini karatasi ya kutosema. Mtu anayeshika ufunguo wa trela hasomi maoni yenu. Basi jeshi lenu linapigana na karani.

Na hayo "matusi kidogo" yana historia. No Man's Sky iliposogezwa kutoka Juni mpaka Agosti 2016, Sean Murray wa Hello Games, studio iliyoitengeneza, alisema hadharani kwamba amepata vitisho vya kuuawa. Wiki chache tu! Mwandishi aliyetoa ile habari naye akatishiwa, kwa kosa la kusema kitu ambacho kilikuwa kweli. 2020 watengenezaji wa gemu ya Cyberpunk 2077 yakawakuta hayo hayo. Na ile gemu ilipotoka Desemba hiyo ikiwa haijaiva, kwenye konsoli za zamani ilikuwa aibu, Sony wakaitoa kwenye duka lao kwa miezi sita. Wale wale waliotukana kwasababu imechelewa wakatukana kwasababu imewahi. Kwahiyo ushauri wangu wa kuongeza presha ni kwamba mpunguze. Mkitaka kusikika kweli, iwekeni kwenye orodha ya matamanio huko Steam, hizo namba mabosi wanazisoma kila asubuhi.

SWALI: Anko kuna linki inazunguka kwenye magrupu, beta (toleo la majaribio) ya GTA VI ya simu, unaweka akaunti yako na nywila halafu unajibu maswali unapata kuicheza kabla ya wote. Niijaze?
— Mwenye Haraka

ANKO: USIJAZE. Hata mi nimeandika herufi kubwa, unaona. Hakuna GTA VI ya simu iliyotangazwa, hakuna beta ya simu, hiyo ni wizi wa akaunti. Kama umeshajaza badilisha nywila sasa hivi kabla hujamaliza kusoma hapa, washa uthibitisho wa hatua mbili, na kama nywila hiyo ndo ile ile ya barua pepe nayo badilisha. Kama ulipakua faili ukaliweka kwenye simu lifute. Wezi wanapenda sana gemu ambazo watu wanazingoja kwa hamu, maana mtu mwenye hamu hasomi maandishi madogo. Trela ya kwanza ya GTA VI iliangaliwa zaidi ya mara milioni 90 YouTube ndani ya saa 24, hebu fikiria mwizi akiona idadi hiyo.

Na kwa wale mlioniuliza kuhusu kulipia mapema, kwa Steam ukilipia gemu ambayo haijatoka unaweza kurudishiwa hela muda wowote kabla haijatoka, na ikitoka una siku 14 ilimradi hujacheza zaidi ya saa mbili. Maduka mengine yana masharti yao, ya PlayStation ukishaanza kupakua mambo yanabadilika. Binafsi silipii mapema, gemu ya kupakua haiishi dukani jamani, mnawahi nini.

SWALI: Anko, bosi wangu naye ni mchezaji sana na tunaelewana, kanikubalia likizo kuanzia 19 Novemba 2026 wiki nzima kwa ajili ya GTA VI. Sasa nina wasiwasi, ikisogezwa likizo yangu imeenda. Nisubiri mpaka nisikie nini ndo niwe na uhakika?
— Mfanyakazi Bora

ANKO: Zamani ningekwambia subiri wakisema gemu imeenda "gold", yani nakala ya mwisho imekamilika inaenda kuchapwa. Lakini Cyberpunk 2077 walitangaza hiyo gold 5 Oktoba 2020, watu wakaomba likizo kama wewe, tarehe 27 mwezi huo huo wakasogeza wiki tatu mbele. Na unajua tarehe waliyoikimbia ni ipi? 19 Novemba. Sisemi kitu.

Kwahiyo hakuna neno la kukupa uhakika wote, ila unaweza kupunguza hasara. Kaa na bosi mwandike likizo kwa jina la gemu siyo kwa tarehe, si mnaelewana, ikihama inahama nayo. Halafu usianze Alhamisi ile yenyewe, anza Ijumaa, siku ya kwanza mara nyingi ni kupakua tu na seva kulemewa, Silksong ilikuwa gemu ya bei ndogo tu na bado iliangusha maduka, sembuse hii. Ukienda kazini Alhamisi ukaiacha inajipakua hujapoteza kitu.

Na ikitokea likizo imekataliwa dakika za mwisho usije ukajifanya unaumwa. Ukiwasha gemu jina lako linatokea kijani kwamba uko ndani unacheza, na bosi wako, kwa maelezo yako mwenyewe, atakuwa humo humo.